Kwa Mama Yetu Sadia, Aliyetuma Salamu Nyikani

Mwaka umetimia, Mama, tangu ile Jumapili ya mvua ulipotutoka baada ya swala ya alasiri, hapa nyumbani Garsen, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa binti yako Hamdi. Mwaka mzima, na hadi leo mtu akibisha hodi asubuhi tunadhani ni mteja wako wa maziwa.

Sokoni walikujua kama Sadia wa maziwa. Ulikaa mahali pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini, wewe na vibuyu vyako upande huu, rafiki yako Esha wa Ndera na ndizi zake upande ule. Maziwa yako hayakuwahi kuongezwa maji. Mteja akilalamika kwamba kikombe hakijajaa, ulimmiminia mpaka kikamwagika, kisha ukamwambia, "Haya, kunywa, upunguze maneno."

Lakini waliokujua zaidi walikujua kwa kalamu. Ulisoma hadi darasa la tano tu, na mwandiko wako ulikuwa wa kupendeza kuliko wa karani. Ndiyo sababu wanawake walikuletea kadi zao za salamu uwaandikie.

Vijana wa leo huenda hawazijui kadi hizo. Zilikuwa vipande vya karatasi ngumu: juu jina la mtumaji, katikati majina ya wanaosalimiwa, chini mistari miwili ya ujumbe. Ulitia posta, ukangoja wiki mbili, pengine tatu, kisha mchana mmoja mtangazaji akalitaja jina lako na nchi nzima ikasikia. Alikuja kwako mama mmoja wa Golbanti, mwanawe alikuwa jeshini. Walikuja wake wa wachungaji, wengine na watoto mgongoni. Uliwauliza, "Unataka kumwambia nini?" Wakaona haya. Ukawaambia, "Mimi naandika tu, msinihesabu kama mtu." Hapo wakasema yote.

Kadi zako mwenyewe zilikwenda kwa mtu mmoja, mumeo, baba yetu Roba.

Kila mvua ikianza, Baba aliwatoa ng'ombe huku delta, akiwaepusha na mafuriko na mbung'o, akaenda nao nyika za nyuma ya Chewele. Miezi mitatu, minne, akirudi mara moja moja kuchukua sukari na dawa ya ng'ombe. Alibeba fimbo, birika, na ile redio ya betri nne uliyoishonea mfuko wa leso ili vumbi lisiingie. Betri zikichoka alizianika juani juu ya jiwe, zikapata nguvu ya siku moja zaidi, naye siku hiyo akaiweka kwa ajili ya salamu.

Alitusimulia jinsi ilivyokuwa, nasi hatukuchoka kusikia. Kambi nzima redio moja. Saa saba mchana ng'ombe wamelala, wachungaji wamekaa wakiizunguka, hakuna anayekohoa. Kwanza habari. Halafu matangazo ya vifo na ule muziki wa polepole, kila mtu akiomba moyoni lisitajwe jina la kwao. Halafu salamu. Yalikuwa masafa ya kati, ambayo watu wote waliyaita midiamu, na yalifika pasipofika gari wala barua. Sauti ilikuja na mikwaruzo, ikazama, ikaibuka tena. Jioni jua likishuka ziliingia hata stesheni za mbali, za Kisomali, za Kiarabu, taarabu kutoka ng'ambo ya mpaka, na Baba alikizungusha kile kitufe polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto.

Wewe ulijua kwamba nchi nzima inasikiliza, kwa hiyo hukuandika mambo ya ndani waziwazi. Hamdi alipozaliwa uliandika, "Mgeni amefika salama, ana masikio yako." Mtangazaji alicheka hewani. Kule nyikani binamu yake Baba, Dadacha, akauliza, "Mgeni gani huyo mwenye masikio?" Baba alikuwa ameshasimama anakwenda kushika mbuzi. Akika ya kwanza ya Hamdi ikaliwa na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Babu alipofariki, ulipeleka tangazo. Hamdi alikuwa na miaka tisa na anaikumbuka jioni ile Baba alipoingia, vumbi mpaka kwenye kope, baada ya mwendo wa siku tatu. "Nimesikia," alisema, akakaa chini.  Maziko hakuyawahi, lakini khitma aliiwahi. Tangu siku ile ulikuwa na hakika moja ambayo hakuna aliyeweza kukuondolea: Roba akiitwa na redio, Roba anakuja siku ya tatu.

Sasa tuseme lile ambalo hatukuwahi kulisema mbele za watu.

Miaka minane iliyopita Baba alirudi mapema, redio ikiwa bubu. Alikwenda nayo kwa fundi hapa mjini, Hamdi akamsindikiza. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akajaribu betri mpya, akaifunga tena.

"Mzee, redio yako haina ugonjwa," alisema. "Mtambo wa midiamu umezimwa. Siku hizi ni FM, na FM haiendi mbali na mji. Huko kwako hakuna kitu hewani cha kushika."

"Itarudi lini?" Baba aliuliza.

"Hairudi, mzee."

Baba aliichukua redio akaitia katika mfuko wake wa leso, akaufunga vizuri kana kwamba bado kuna kitu cha kukinga. Walipofika karibu na nyumba alisimama.

"Hamdi, usimwambie mama yako."

"Kwa nini, Baba?"

"Hapa mjini yeye anaisikia. Anajua na mimi naisikia. Akijua sisikii, kila nikiondoka atakuwa ananiaga kama maiti."

Hamdi akanyamaza. Baadaye alimwambia Nuh, mdogo wake, naye Nuh akanyamaza. Tulidhani ni jambo dogo. Nuh alikununulia redio mpya ya FM, ukafurahi kwa vile ilivyokuwa safi, bila mikwaruzo. Kipindi kilikuwa kilekile, na hata sauti ya mtangazaji haikubadilika. Ungejuaje?

Ukaendelea kuandika. Kadi zilipoadimika madukani uliandika kwenye karatasi, Hamdi akapiga picha kwa simu na kuituma. Baba alikuwa na kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, lakini huko mtandao haupo, na simu ilikaa mfukoni imezimwa mpaka arudi. Kila aliporudi ulimwuliza kabla hajavua viatu, "Ulisikia?" Naye akajibu, "Nilisikia." Akakutajia maneno yako. Akakutajia mpaka wimbo uliopigwa baada ya salamu zako. Ulicheka ukaenda kumtengea chai, na sisi watoto wako tukatazama pembeni.

Mvua ya mwaka jana ilikuja vibaya. Mto ulijaa ukatoka, barabara zikakatika pande zote. Baba alikuwa ameshaondoka na ng'ombe wiki tatu kabla. Ndipo miguu yako ikaanza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alisema moyo umechoka, akakupa dawa, akasema ukipata nafuu na barabara ikifunguka twende Malindi. Akamwita Hamdi kando akamwambia usipewe habari ya kukushtua.

Uliporudi nyumbani uliomba karatasi. Hukukubali mtu akuandikie. "Roba wa Garsen, aliyeko nyika za Chewele, arudi nyumbani haraka. Mkewe anamhitaji." Hamdi aliishika karatasi ile akajua kwamba hapo ndipo pa kusema. Akakutazama, akakumbuka maneno ya daktari. Akapiga picha, akatuma.

Jumatatu saa saba tangazo likasomwa. Tulilisikia sote, na Esha alikuwepo. Ulifumba macho ukisikiliza, ukayafumbua ukiwa na uso mwingine kabisa. Hata uji ulikunywa.

Nuh alitaka kuondoka siku ile ile kumtafuta Baba. Ulimkataza. "Utaenda kufa kwenye maji bure. Baba yako ameshasikia. Kesho anawaaga wenzake, Jumatano anavuka, Alhamisi jioni yuko hapa. Au Ijumaa, maana kuna matope." Nuh akakudanganya kwamba ameitwa kazini Hola, akapanda pikipiki Jumanne alfajiri akaelekea Chewele.

Alhamisi ulimwambia Hamdi akubadilishe leso, akupake hina kidogo kwenye kucha. Ijumaa ulikataa kulala mchana. Kila pikipiki iliyopita uliinua kichwa. Jioni ikaingia, ukasema, "Matope." 

Jumamosi adhuhuri Hamdi aliingia na dawa akakukuta umeshika tasbihi, midomo inatembea. Akasikiliza, akasikia jina la Baba. Ulikuwa unasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Mama, unamwombea nani?"

"Baba yenu."

"Mama!"

"Nimeishi na Roba miaka thelathini na mbili," ulisema. "Amesikia kwamba namhitaji, na hajafika. Roba ninayemjua mimi hawezi. Basi ametangulia. Msinifiche, mimi si mtoto."

Hamdi alipiga magoti kando ya kitanda. 

"Baba hajafa, Mama. Hakusikia."

"Lilisomwa. Nimesikia mwenyewe."

"Lilisomwa hapa. Kule halifiki tena. Midiamu ilizimwa. Sasa ni mwaka wa saba."

 Mvua ilikuwa inapiga mabati, na Esha, aliyekuwa amekaa miguuni pako, alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Kwa hiyo miaka saba," ulisema polepole, "nimekuwa nikisalimia nyasi?"

Hamdi alilia.

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyetukataza."

"Uongo. Alikuwa ananiambia nilichoandika. Mpaka wimbo."

Hapo Esha akashusha leso. "Ni mimi, Sadia. Nisamehe. Akirudi, kabla ya kuja kwako anapita kwangu sokoni. Ananiuliza, 'Wamesoma nini?' Mimi ninamwambia. Nilikuwa naweka kichwani kwa ajili yake. Siku za kipindi sikuuza ndizi vizuri, watu walinisemesha nikawanyamazia."

 Halafu, Mama, ulifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Esha," ulisema, "mwaka ule alinitajia wimbo siwo. Nikasema moyoni, mume wangu ameshazeeka. Kumbe ni wewe."

"Nilisahau," Esha akasema. "Ilikuwa siku ya soko kubwa."

Ulicheka. Ulicheka mpaka ukakohoa, Hamdi akakuinua, na kilichofuata hatujui kama kilikuwa kicheko au kilio, maana hata wewe hukuwa ukivitenganisha. Ulipotulia uliuliza Nuh yuko wapi hasa. Hamdi akakwambia kweli. "Maskini mwanangu," ulisema, "na maji haya."

Hukutulaumu. Tungependa ungetulaumu.

Jumapili mchana ulimwita Hamdi karibu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Baba yako akija, mwambieni asikae kaburini kunieleza. Nimeelewa." Baada ya alasiri ukatutoka. Tulikuzika Jumatatu asubuhi, katika manyunyu, wanaume wa soko zima wakikubeba kwa zamu, na wale wateja uliowaambia wapunguze maneno walikuwa wamepunguza kweli.

Baba alikuja Jumatano.

Hakuitwa na mtu. Alikuwa anakuja kama anavyokuja siku zote, kwa ajili ya sukari, majani ya chai na dawa ya ng'ombe. Alikuwa amepitia miinukoni kwa miguu, mbali na njia ya Nuh, hivyo hawakukutana. Esha alikuwa amerudi sokoni asubuhi ile kwa sababu ndizi zilikuwa zinamwozea. Alimwona akija toka mbali, matope mpaka magotini, mfuko begani. Anasema alitamani kukimbia.

"Esha, hujambo. Wamesoma nini safari hii?"

Esha alikaa chini, palepale kwenye matope.

"Walisoma tangazo, Roba. Walikuita."

"Waliniita kwa nini?"

"Sadia alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa?" Baba alisema.

 Baba akaanza kutembea kuja nyumbani, na mfuko wake ukabaki sokoni. Tulipomwona akiingia langoni mikono mitupu tulijua ameshajua.

Aliuliza maswali mawili tu. "Alijua?" Hamdi akasema, alijua. "Alikasirika?" Hamdi akamwambia ujumbe wako, kama ulivyousema, bila kuongeza wala kupunguza. Baba alitikisa kichwa. Kesho yake baada ya alfajiri alikwenda kaburini akakaa mpaka jua likawa kali. Hakukutii, Mama. Alieleza kila kitu.

Nuh alifika siku hiyo jioni, pikipiki ikiwa imebebwa juu ya trekta. Alikuwa amekwama siku nne kwenye laga moja, kijito kikavu kilichojaa maji ya mvua. Alianza kuomba msamaha toka nje, Baba akamzuia kwa mkono.

Mwaka huu wote Hamdi amekuwa na jambo moja. Kwamba angesema siku ile, pale alipoishika karatasi, Nuh angeondoka mapema bila kujificha, kwa njia zote mbili wangepelekwa watu, na pengine Baba angekukuta. Baba humwambia, "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekufunga mdomo." Hamdi humsikiliza, huitikia, na hakubali. Esha naye anasema ni lake. Kila mmoja analivuta kwake, na hakuna aliyefanikiwa kulichukua lote.

Tunakuomba radhi, Mama, hapa hadharani. Tulidhani tunakulinda. Tulikuacha ukimlilia mtu aliye hai.

Na tunataka ujue hali ya huku. Mvua ya mwaka huu ilipoanza, kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe Baba hakuondoka. Nuh na Dadacha ndio walioenda na ng'ombe. Baba amebaki nyumbani. Anakamua wale ng'ombe wawili waliosalia na kuyapeleka maziwa sokoni mwenyewe, na watu hununua, ingawa wanasema vipimo vyake ni vya mkono mgumu kuliko vyako. Mjukuu wako Bahiya ameanza kutembea. Gumato, mke wa Nuh, ana mimba.

Tulipokaa kuandika tangazo hili, Hamdi alishika kalamu akamwuliza Baba aandike nini kwa upande wake. Alipendekeza "mume wako akupendaye". Baba akakataa. Akasema hayo ni maneno ya watu wote.  Kisha akasema maneno haya, na akataka yasomwe tena mara mbili ahakikishe yamekaa sawasawa:

"Mama Nuh, miaka ile yote nilikuwa sisikii. Lakini kila siku saa saba niliwanyamazisha wenzangu, tukakaa kimya. Nilijua unasema."

Wanaokukumbuka ni mumeo Roba. Wanao Hamdi na Nuh. Mkaza mwanao Gumato. Mjukuu wako Bahiya. Shemeji yako Dadacha na ndugu wote wa nyikani. Esha wa Ndera, dada yako wa soko. Na wanawake wote uliowaandikia bila kutaka asante.

Mwenyezi Mungu akupe makao mema na akukutanishe na wema waliotangulia. Sisi, Mama, tuko na wewe siku zote. Hatutakusahau.